Profesa anayewafundisha watoto kuchafua daftari

Septemba 1998, shule za msingi za Uingereza zilianza kufuata utaratibu mpya wa kufundisha kusoma na kuandika. Kila siku somo lilipewa saa moja kamili, na saa hiyo ikakatwa vipande: dakika 15 darasa zima lisome pamoja, dakika 15 za maneno na sentensi, dakika 20 za kazi ya vikundi, dakika 10 za kufunga. Waliotunga utaratibu huo hawakuwa watu wabaya. Watoto wengi walikuwa wakimaliza shule ya msingi hawajui kusoma sawasawa, na serikali ya Tony Blair, iliyoingia madarakani mwaka uliotangulia, ilitaka matokeo yanayohesabika.

Mwaka huohuo ilitoka riwaya fupi ya watoto iitwayo Skellig. Mwandishi wake, David Almond, aliyezaliwa 1951, hakuwa kijana tena. Kwa miaka mingi alijikimu kwa kufundisha, kwa nusu ajira, watoto wenye mahitaji maalumu huko kaskazini mashariki mwa Uingereza, huku akiandika hadithi fupi za watu wazima zilizotolewa na kampuni ndogo ya hukohuko na kusomwa na wachache. Ndani ya riwaya hiyo mpya alimweka msichana aitwaye Mina, ambaye haendi shule kabisa. Anafundishwa na mama yake nyumbani, anapanda mti kuangalia makinda ya ndege, anachora, anafinyanga, na anayajua mashairi ya William Blake kwa moyo. Mina anaamini kwamba shule hufungia akili za watoto, na anasema hivyo bila kumung'unya maneno.

Kitabu kilichomtetea mtoto asiyekwenda shule kilipendwa kwanza na walimu na wakutubi. Kilipata Nishani ya Carnegie, ambayo ndiyo heshima kubwa ya vitabu vya watoto nchini humo, kikapata na tuzo ya Whitbread. Mwaka 2001 riwaya iliyofuata, Kit's Wilderness, ilipewa tuzo ya Printz ya Marekani. Mwaka 2010 Almond alipewa Tuzo ya Hans Christian Andersen, inayotolewa mara moja kila baada ya miaka miwili kwa kazi nzima ya maisha ya mwandishi. Baadaye akawa profesa wa uandishi wa kubuni katika Chuo Kikuu cha Bath Spa.

Wasifu wa namna hiyo unapendeza kwenye jalada la nyuma la kitabu, na unaishia hapo. Jambo linalonivutia mimi ni jingine: mtu huyu mwenye cheo cha profesa wa uandishi ameliweka somo lake la uandishi ndani ya vitabu vya watoto, sehemu ambayo maprofesa wenzake wengi hawapiti.

Tuanze nyumbani kwao. Felling ni mji mdogo uliokuwa wa wachimba makaa ya mawe, kusini mwa mto Tyne, jirani na Gateshead. Tarehe 25 Mei 1812 mgodi wa hapo ulilipuka na kuua watu 92, wanaume na wavulana. Migodi ilikuwa imekwisha kufungwa au inafungwa wakati Almond anakua katika familia kubwa ya Kikatoliki, lakini majina ya marehemu yalibaki kwenye mnara wa kumbukumbu. Katika Kit's Wilderness, mvulana wa miaka 13 aitwaye Kit anahamia mji wa wachimba migodi, anakwenda makaburini, na kwenye jiwe la watoto waliofia mgodini anakuta jina lake mwenyewe limechongwa. Tukio hilo limebuniwa, ila jiwe la kulizua lilikuwapo.

Mmoja wa wakubwa katika ukoo wao alikuwa na kiwanda kidogo cha uchapaji mjini hapo. Almond amesimulia kwamba mama yake alikuwa akimbeba kwenda kule akiwa bado mchanga, na kwamba kurasa zikimwagika kutoka kwenye mashine alikuwa akizinyooshea kidole na kucheka. Hadithi kama hizo waandishi hupenda kuzisimulia wakishafanikiwa, nami huzipokea kwa tahadhari. Ninaloliamini zaidi ni kwamba alikuwa mtoto wa maktaba ya mtaani, na ndoto yake ya utotoni ilikuwa kuona siku moja kitabu chenye jina lake kwenye rafu za maktaba hiyo ya Felling. Hiyo ni ndoto ya kiasi, tena inapimika.

Misiba ilimfikia mapema. Alikuwa na miaka saba mdogo wake wa kike, Barbara, alipofariki akiwa mchanga. Alikuwa na miaka 15 baba yake alipofariki. Mtoto mchanga anayepigania roho yake hospitalini ndiye moyo wa Skellig. Mvulana aliyefiwa na baba yumo katika The Savage, kitabu cha 2008 alichokitoa pamoja na mchoraji Dave McKean. Mwandishi huyu hakwenda mbali kutafuta mambo ya kuandika. Kazi kubwa ilikuwa kujua ayaandike vipi, na hilo lilimchukua karibu miaka ishirini.

Alisoma fasihi ya Kiingereza na ya Marekani katika Chuo Kikuu cha East Anglia. Mwaka 1970 chuo hicho ndicho kilichoanzisha shahada ya uzamili ya uandishi wa kubuni, mwanzo wa wimbi lililoenea baadaye Uingereza nzima, na Ian McEwan alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza. Almond hakupita mlango huo. Alisambaza barua za posta, akauza brashi nyumba hadi nyumba, kisha akawa mwalimu. Baada ya miaka mitano ya ualimu akaacha kazi, akauza nyumba, akahamia katika makazi ya pamoja ya wasanii huko mashambani Norfolk ili aandike. Mzazi yeyote wa kwetu angeitisha kikao cha ukoo.

Fedha zilipokwisha alirudi kaskazini na kushika kazi mbili zilizomjenga. Ya kwanza ni uhariri. Kuanzia 1987 hadi 1993 alihariri Panurge, jarida la hadithi fupi lililowapa nafasi waandishi wapya. Mhariri wa jarida la aina hiyo hatajiriki, lakini bahasha zinamjia kila siku. Anasoma hadithi iliyoanza kurasa tatu kabla ya wakati wake. Anasoma nyingine ambayo imekwisha, ila mwandishi ameogopa kunyanyua kalamu. Anaandika barua za kukataa akijua vizuri ladha yake, maana katika miaka hiyohiyo Almond mwenyewe alikuwa na riwaya ya watu wazima iliyomla miaka mitano na kukataliwa na wachapishaji wote. Sijui darasa la uandishi lililo kali kuliko kukataa kazi za watu asubuhi na kukataliwa ya kwako jioni.

Ya pili ilikuwa darasa la watoto wenye mahitaji maalumu. Humo sentensi ya maneno matano inaweza kuwa kazi ya asubuhi nzima, na ikikamilika ina uzito ambao aya ndefu ya msomi haina. Ukisoma Skellig baada ya kujua hilo utaona sentensi zilivyo fupi, maneno ya kila siku, mengi yakiwa katika midomo ya watu. Wako wanaouita mtindo huo sahili kwa sababu ni wa watoto. Mimi naona ni mtindo wa mtu aliyekaa kando ya dawati la mtoto anayehangaika na neno moja, akajifunza kutolichezea neno.

Namna Skellig ilivyomjia ameisimulia mara nyingi. Alikuwa amemaliza hadithi fupi kuhusu utoto wake wa Felling, zile zilizokuja kutoka 2000 kwa jina la Counting Stars. Akazitia kwenye bahasha, akazituma kwa posta, akageuka kurudi zake, na akiwa njiani hadithi nyingine ikaanza kujisimulia kichwani mwake. Hakujua inakwenda wapi. Alishtuka alipotambua kwamba ilikuwa ya watoto, kwa kuwa hakuwahi kujifikiria kama mwandishi wa watoto.

Hadithi yenyewe ni hii: Michael na wazazi wake wamehamia nyumba chakavu, na mdogo wake aliyezaliwa kabla ya siku zake yuko taabani. Kwenye gereji inayokaribia kuanguka, nyuma ya masanduku, anamkuta kiumbe aliyekonda, amejaa vumbi na nzi waliokauka, anayelalamika maumivu ya mifupa na kutaka aspirini. Anataka pia 27 na 53, yaani namba za vyakula kwenye orodha ya mkahawa wa Kichina ambao familia ya Michael hununua chakula, na bia ya kahawia ya kaskazini. Chini ya koti lake, mabegani, mna kitu kama mabawa. Jina lake linatokana na visiwa vya Skellig vilivyo kusini magharibi mwa Ireland. Wahakiki wameona undugu wake na mzee mwenye mabawa katika hadithi fupi ya Gabriel García Márquez, na Almond hajaukana. Ila hizo namba 27 na 53 ni za Almond peke yake. Malaika anayeagiza chakula kwa namba mtoto anamwamini mara moja.

Alipopokea Nishani ya Carnegie mwaka 1999, Almond aliitumia hotuba yake kuukosoa mfumo wa elimu unaopima kila kitu, akataka sehemu ya muda wa shule iachwe wazi kwa watoto na walimu, bila mtaala na bila alama. Mwalimu aliyefunga dakika zake 15 na 20 kwa saa ya ukutani alikuwa na kila sababu ya kumpigia makofi.

Tangu hapo amezunguka shule nyingi, na kifaa chake kikuu cha kufundishia ni daftari lake. Watoto wengi huamini kwamba kitabu kilizaliwa kama kilivyo: kurasa safi, mistari iliyonyooka, pembeni pameachwa nafasi. Almond huwaonyesha kilivyoanza: mwandiko wa mkwaruzo, mishale, vichoro, maneno yaliyokatwa, doa hapa na pale. Mtoto ambaye daftari lake limewahi kurudishwa na wino mwekundu kwa kosa la uchafu anaona kwamba hata mzee mwenye nishani anachafua. Kwa mtoto wa miaka kumi hiyo ni habari kubwa.

Na sasa tufike kwenye vitabu vyenyewe. Almond ana tabia ya kuwapa wahusika wake kalamu. Kit anatunga hadithi ya kijana wa enzi ya barafu, nayo hadithi hiyo inakuja kumgusa rafiki yake aliyepotoka. Katika The Savage, mvulana aitwaye Blue amefiwa na baba, na mshauri wa shuleni anamwambia aandike hisia zake. Blue anajaribu, anaona upuuzi, anaacha. Badala yake anaandika habari za mtoto wa porini anayeishi chini ya magofu ya kanisa na kula wanyama wabichi, na taratibu mtoto huyo anaanza kutoka kwenye karatasi na kuingia mjini. Maandishi ya Blue yamechapishwa na makosa yake yote ya tahajia. Nimewahi kukaa katika warsha ambako wanafunzi huambiwa waandike kutoka moyoni, nikaona wanavyoikodolea macho karatasi. Blue anaeleza kwa nini: hisia ikiitwa kwa jina lake haitoki, ila ukimtuma mnyama ataileta.

Kilele cha somo hili ni My Name is Mina, kilichotoka 2010, miaka 12 baada ya Skellig. Ni shajara ya yule msichana kabla hajakutana na Michael. Humo tunaambiwa kwa nini aliacha shule. Mwalimu wake, Bi Scullery, alishikilia kwamba mtu asiandike lolote mpaka kwanza apange atakachoandika. Mina haelewi mtu atajuaje atakachoandika kabla hajaandika. Siku ya mtihani wa taifa, shule nzima ikiwa na hofu ya matokeo, anaandika insha yote kwa maneno ya kubuni yasiyokuwa katika kamusi yoyote. Mwalimu mkuu anawaka, na mama anamtoa binti yake shuleni.

Kila aliyewahi kukariri utangulizi wa insha ya mtihani, ule unaofaa mada yoyote kuanzia ajali barabarani hadi faida za kilimo, atamwelewa Mina bila kuelezwa.

Kitabu hakiishii kwenye malalamiko. Kurasa zake zimetawanyiwa mazoezi ambayo Mina anampa msomaji, na hapo ndipo profesa anapochungulia. Zoezi moja linataka sentensi moja ijaze ukurasa mzima. Jingine linataka neno moja tu katikati ya ukurasa mtupu. Jingine linakutuma chooni, umwage maji, utafakari yanakwenda wapi na yatageuka kuwa nini. Mazoezi hayo yana mzaha, lakini yamepangwa na mtu anayejua ualimu. Sentensi inayojaza ukurasa inamfundisha mtoto viunganishi na pumzi bila kumtajia viunganishi. Neno peke yake ukurasani linamfundisha kwamba nafasi tupu nayo inasomwa. Na maji ya choo yanapopita bomba, mto, bahari na wingu hadi kurudi kama mvua, mtoto ameshatunga kisa chenye mwanzo na safari.

Hata hivyo naona Bi Scullery ameonewa. Mwalimu mwenye darasa zima la watoto, mkaguzi mlangoni na ratiba isiyo yake, hapangi insha kwa sababu anachukia ndege na nyota. Anapanga kwa sababu mtoto mmoja mmoja kama Mina ana mama msomi nyumbani, na wengine hawana. Mtoto asiye na vitabu nyumbani akiambiwa tu aache akili itembee, mara nyingi hubaki amekaa. Almond analijua hilo, maana amefundisha watoto wa namna hiyo. Tena mwenyewe si mwandishi wa kuacha mambo ovyo: daftari lake ni chafu, lakini kitabu kinachotoka kimepita rasimu nyingi na kimesikilizwa neno kwa neno. Uhuru ameuweka mwanzoni mwa kazi, na ukali ameuweka mwishoni. Mina, kwa umri wake, anauona uhuru peke yake.

Uandishi wa kubuni unafundishika? Machi 2014, katika tamasha la fasihi mjini Bath, mwandishi Hanif Kureishi alisema kozi za uandishi wa kubuni ni kupoteza muda na kwamba wengi wa wanafunzi hawawezi kusimulia hadithi. Wakati anasema hayo, yeye mwenyewe alikuwa profesa wa somo hilo katika Chuo Kikuu cha Kingston. Magazeti yalifurahi kwa wiki nzima. Katika mji huohuo Chuo cha Bath Spa kina shahada ya uzamili ya kuandikia watoto na vijana, na wanaopita pale hutoka na vitabu. Sally Nicholls, aliyeandika Ways to Live Forever, riwaya ya 2008 kuhusu mvulana mwenye saratani ya damu, ni mmoja wao.

Kureishi hakukosea kila kitu. Hakuna ada inayoweza kumpa mtu jambo la kusema. Lakini kuna kitu ambacho mzoefu anaweza kukifupisha. Almond alitumia karibu miaka ishirini kugundua kwamba sauti yake ilikuwa Felling, kwa watu waliosema kama babu yake, na kwamba wasomaji wake walikuwa na miaka kumi. Mwanafunzi mwenye mwalimu aliyepita njia hiyo anaweza kuulizwa swali hilo wiki ya kwanza: kwenu ni wapi, na watu wa kwenu husemaje?

Jibu lake mwenyewe kwa swali hilo lilizidi kuwa la kiburi kadiri cheo kilivyopanda. Mwaka 2011 alitoa The True Tale of the Monster Billy Dean, riwaya nzima iliyoandikwa kama inavyotamkwa na kijana aliyefungiwa chumbani tangu kuzaliwa na asiyejua tahajia. Kila mstari ungepata wino mwekundu katika shule yoyote. Msomaji anateseka kurasa chache za mwanzo, kisha sikio linazoea, na lahaja ya kaskazini mashariki, ambayo vizazi vya walimu viliirekebisha madarasani, inabeba kitabu kizima. Si riwaya yake bora, kwa maoni yangu. Giza lake limezidi kipimo. Lakini sikumbuki profesa mwingine wa uandishi aliyejiruhusu kuandika vibaya kwa makusudi kiasi hicho.

Skellig nayo imekwenda mbali. Ilipanda jukwaani London mwaka 2003 chini ya mwongozaji Trevor Nunn, ikawa opera huko Gateshead 2008, na filamu 2009, Tim Roth akiigiza kiumbe wa gereji. Zaidi ya yote, imekuwa kitabu cha darasani. Ina miongozo ya walimu, ina maswali ya ufahamu, na wanafunzi wa sekondari huandika insha zilizopangwa vizuri, utangulizi hadi hitimisho, kueleza kwa nini Mina anaikataa shule. Huulizwa pia kama Skellig ni malaika, ndege au binadamu, na jibu hupewa alama. Almond, watoto wakimuuliza swali hilohilo, huwajibu kwamba hajui.